Mkaja Niliomfunga Rehema

Jumatatu, 8 Julai
Wee Rehema, lala! Umepasuliwa tumbo, hukung'olewa jino. Leo siku ya sita tangu wamshone kidonda cha tumbo kilichotoboka, na binti yangu kashashika fagio. Ati daktari kasema atembee. Daktari kazaa wangapi? Mie nimezaa saba. Aliyefunguliwa tumbo ni sawa na mzazi: analala, anafungwa mkaja wa kitambaa tumboni. Nimemfunga mwenyewe, nikakaza. Kaguna.
"Mama, unanibana."
"Ndiyo kazi yake."

Jumatano, 10 Julai
Amelala. Vizuri. Hata chooni namshika mie. Kijiji chote cha Pujini kiko shambani kuchuma karafuu, hapiti mtu.

Jumamosi, 13 Julai
Tumbo limevimba, mkaja haufiki. Katapika damu. Hamadi, mumewe, kaita gari. Hospitali wamempiga picha. Damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa unaokwenda kwenye ini. Daktari kasema ni nadra kumpata mtu baada ya upasuaji wa tumbo, lakini huua. Kisha kanigeukia.
"Bibi, nyumbani alikuwa akitembea?"
"Sana. Hata kufagia."
Nimesema hivyo. Mkaja nilishaufungua kabla ya gari kufika. Nilikuwa nao chini ya buibui.

Jumatatu, 15 Julai
Wamempeleka Unguja. Hamadi kaenda naye. Mie nimeambiwa nibaki, ati nitachoka. Sichoki. Nimepika wali wa watu watatu. Mpumbavu mie. Naandika kwa kuwa hakuna wa kumgombeza.

Jumatano, 17 Julai
Hamadi kapiga simu. Kipande cha utumbo kilikosa damu, wamekikata. Yu hai, hasemi. Madaktari wanashangaa damu igande kwa mtu aliyekuwa akitembea. Wanashuku maradhi ya kurithi.
"Mama, kwenu nani alikufa hivi?"
Hakuna. Nikasema sisikii vizuri, nikakata.
Naogopa. Naogopa afe. Naogopa pia Hamadi ajue. Hiyo ya pili ndiyo aibu.

Ijumaa, 19 Julai
Hamadi kapiga asubuhi: Rehema kafumbua macho. Kauliza kama mama anakula. Nimelia, nikanawa uso, nikalia tena. Nyumba kimya.
Pengine si mkaja. Pengine yangemkuta hata angekimbia hadi mjini Chake na kurudi. Ajuaye ni daktari, na daktari nimemdanganya.
Hamadi, ukipiga tena leo baada ya Laasiri, salamu fupisha. Mpe daktari simu.