Wale Wacheza Dansi Wako, Yaya

Yaya Kasongo, kaka yangu,

Tangu tukuzike sijakuandikia kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia. Ulikufa vile vile ulivyozoea kutoka kwenye sherehe, bila kuaga. Cherehani yako nimeihamishia kwangu, na wateja wako wa mtaa wa Turffontein bado wanakuulizia. Kila nikiwaambia umefariki, nalia upya.

Leo nakuletea habari za filamu zako. Zile fupi, bubu, za zaidi ya miaka mia: wasanii wa jukwaani, mmoja anarusha chupa, mwingine anapinda mgongo, kila mmoja na dakika yake. Kila Jumamosi mchana uliziwasha ukutani, kwenye ukumbi wa kanisa hapa mtaani Rosettenville, huku ugenini, ukashika maikrofoni na kuwasemea wote kwa Kiswahili, kama watafsiri wa vibanda vya video kwetu Lubumbashi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Walipotokea wale mume na mke weusi, wacheza dansi ambao hakuna aliyejali kuandika majina yao, ulisimama. "Hawa ni watu ya kwetu! Muangalie vile wanakanyaga!" Ukawapa kijiji, ukoo, hata wakwe. Lakini wakija wale Wazungu waliojipaka masizi usoni, wakijifanya sisi, ulizima maikrofoni. Ulinyamaza mpaka wapite, nasi tukatazama viatu vyetu.

Mwanangu Neema aliacha kuja, na sababu unaijua. Siku moja alijaribu kuwasemea wacheza dansi, ukamkatiza mbele ya watu: "Kiswahili gani hiyo? Rudia!" Msichana wa miaka kumi na sita, kazaliwa hapa hapa! Tangu hapo akasema filamu hizo ni za watu wa Kongo, si zake. Iliniuma sana, maana nilimwona mtoto ananitoka mikononi.

Jumamosi iliyopita mchungaji alinipa mimi maikrofoni. Neema alikuja, nadhani kwa kunihurumia. Wale wa masizi walipotokea, watoto wa mbele wakacheka, wakidhani ni weusi kweli. Mimi kunyamaza kama wewe siwezi. Nikasema, "Hao si sisi. Ni Wazungu wamejipaka ili sisi tuchekwe." Kicheko kikakatika. Mtoto mmoja akauliza, "Sasa sisi tuko wapi?"

Ndipo wakaja wale wawili wako. Nikafungua mdomo, nikasikia sauti yako. Yaya, nilishindwa. Watu wanangoja, na yule mama ukutani anacheza tu, hana wa kumsemea.

Neema akainuka, akaichukua maikrofoni mkononi mwangu. "Sanibonani! Sibhekeni kahle!" Kizulu, Yaya, lugha ya hapa alipozaliwa! Kwa kinywa cha Neema yule mama wa ukutani akatusalimu, akatuambia tuwatazame vizuri, kisha akaanza kumtania mumewe kwa viatu vyake vikubwa. Kizulu, Kiingereza, na kile Kiswahili chake cha kuungaunga. Akina mama wakapiga vigelegele. Yule mtoto aliyeuliza akaenda kusimama karibu kabisa na ukuta.

Najua ungenuna. Lakini asiyekuwepo na lake halipo, kaka yangu, na usingeondoka ungekuwa na haki ya kugomba. Nimekukumbuka mno.

Pumzika sasa. Jumamosi ijayo maikrofoni ni ya Neema. Nakuahidi ataongea anavyoongea, na hakuna mtu wa ukoo huu atakayemkatiza tena.

Mdogo wako,
Mama Neema