Karatasi Kwenye Kitanda cha Mama

Jumatatu, 2 Juni
Ofisini tangu saa moja. Baridi. Nimebandika tangazo la mkutano wa mtaa. Mzee Haule kaja na barua yake, anauliza "K.n.y." ni kitu gani. Wiki iliyopita ilikuwa "Yah". Nimemwambia barua zote ziko hivyo. Kaondoka bila jibu. Mtendaji wa mtaa si kamusi. Nimechoka.

Jioni hospitali. Uvimbe wa mama utatolewa Alhamisi. Daktari wa upasuaji anatoka mbali, huja mara moja kwa wiki.

Jumatano, 4 Juni
Uji wa ulezi asubuhi, ugali mchana, uji tena jioni. Wodini kila ndugu na chupa yake. Chakula ni kazi yetu. Kadi ya mama imejaa herufi: BP, Hb, TDS. Naitikia tu. Wananiita mtendaji, nitaulizaje?

Alhamisi, 5 Juni
Siku mbaya.

Nimefika alfajiri na uji. Kitandani kuna karatasi mpya: NPO. Nikadhani ni herufi za jina la daktari. Muuguzi alikuwa hatua tatu tu, anakabidhi zamu. Sikuuliza. Mama alikuwa na usingizi. Nikamwinua, akanywa kikombe kizima.

Saa tatu wauguzi wakaja na machela, wakaona kikombe. Kumbe maana yake mgonjwa asile wala asinywe chochote. Angeweza kupaliwa akiwa amelala kwa dawa ya usingizi. Upasuaji hadi wiki ijayo.

"Si tuliandika, mtendaji?"

Mliandika. Najichukia.

Jumamosi, 7 Juni
Maumivu yamezidi. Anauma khanga asipige kelele. Naogopa atanifia kwa kikombe cha uji.

Jumatatu, 9 Juni
Nimebandua tangazo, nimeandika upya kwa maneno kamili. Kurasa mbili. Nimemfuata Mzee Haule kwake. Shikamoo. Nikamsomea barua yote, "yahusu", "kwa niaba ya" na mengine.

"Kumbe ni hivyo tu," kasema.

Ndiyo. Hivyo tu.

Alhamisi, 12 Juni
Nimekwenda mikono mitupu. Nimeuliza kila herufi. Muuguzi kachoka nami. Saa saba mama katoka chumba cha upasuaji salama.

Jumapili, 15 Juni
Mama mdogo kaja kutoka Peramiho na mahindi mabichi. Akauliza kwa nini upasuaji ulichelewa.

"Mimi nililia njaa," mama kamjibu. "Nikamsumbua mtoto mpaka akanipa uji."

Hakuomba uji. Niliendelea kumenya mahindi.