Nyundo Niliyoipiga Shingo ya Baskeli Yako

Riziki, binti wa dada yangu,

Huko Nairobi hupokei simu zangu, basi naandika hapa hadharani, kila mtu asome. Mjomba wako niliachia darasa la tano, lakini mtaani kwetu Kisumu Ndogo hakuna baskeli iliyonishinda. Nishawahi kunyoosha rimu iliyokanyagwa na kiboko wa mto Sabaki, na kiboko mwenyewe bado amesimama juu yake.

Wakumbuka ulipoileta ile baskeli ya mashindano, uma wake unaoshika gurudumu la mbele ni wa kaboni, mwepesi kama ufito?

"Mjomba, shingo inacheza. Kiziba hiki kinaingia ndani ya bomba la uma, kinakazwa polepole kwa ufunguo. Usipige nyundo, tafadhali, kaboni hupasuka."

"Wanifunza kazi, wewe niliyekubeba mgongoni?"

Ulipokwenda kuswali nikakitupa kiziba koponi. Nikachukua nati ya meno, ile tunayoipigilia kwenye mabomba ya chuma, nikaitwanga. Pa! Pa! Pa! Kitu kikalia mle ndani kama ganda la yai. Nikafunika, nikakaza, shingo ikatulia. Uliporudi nikakwambia, "Umeona?"

Siku ya mashindano nilikusubiri Matsangoni, kando ya barabara. Uma ukakatika mbele ya macho yangu. Ukaangukia uso. Damu, na meno yako mawili juu ya lami. Bodaboda mmoja alisimama akusaidie, nami nikapiga ukelele: "Huyo! Ndiye aliyemgonga!" Ngumi ya kwanza ilikuwa yangu. Watu wakaendeleza kwa mateke na mawe, wakamvunja mkono, pikipiki yake wakaitia moto. Mimi nikakiokota kipande cha uma nikakificha shatini.

Hospitalini, mdomo umeshonwa, uliniambia: "Hakuna aliyenigonga, Mjomba. Niliiona nati uma ulipokatika." Nikajibu kwamba dawa zimekulevya. Ukaondoka bila kuniaga.

Mtaani nimekuwa nikisimulia kuwa siku ile niliwatandika bodaboda watatu. Lakini nikishika nyundo, nairudisha chini. Nakukumbuka ulipokuwa mdogo, nakufunza kuendesha, nakimbia nyuma nimeshika kiti. "Usiniachie, Mjomba!" Nami nilikuwa nishakuachia zamani, na bado nasema, "Nimekushika."

Juzi nilikwenda Matsangoni na kile kipande. Bodaboda yule anaitwa Karisa. Sasa auza maji kwa mkokoteni, mkono wa kushoto haukunjuki.

"Ndugu yangu, aliyemwangusha yule msichana ni mimi. Nati niliyoipigilia hii hapa ndani."

Alikigeuzageuza kipande. "Mbona basi ulinipiga?"

"Niliogopa wasinipige mimi."

Akakiweka chini taratibu. Kisha akanipasua mdomo, mbele ya watu wote, nami nikawaambia ni kwa nini.

Kiziba chako kingali koponi, sijakigusa. Ukisikia huko kwamba mjomba wako aliangushwa na watu kumi, ujue ni mimi niliyesema. Alikuwa mmoja, tena wa mkono mmoja. Nilianguka, Riziki, na sikuinuka upesi.

Mimi niliyekuachia,
Mjomba wako