Kishikio cha Bafuni

Jumatano, 4 Juni 2025

Daftari, niwie radhi. Tangu Februari sijaandika hata mstari. Mke wangu Drusilla alianguka bafuni, akavunjika nyonga, na mikono yangu imekuwa ya kumnyanyua tu. Nimechoka. Naandika hivyo bila aibu.

Binti yetu Phanice amepiga simu kutoka Nyamira. Anakuja Jumapili. Akikuta bafu halina kishikio imara, atamchukua mama yake akaishi kwake. Nikamwambia fundi amepatikana na ukuta ni wa mawe. Mimi, mzee wa kanisa! Ni fito na udongo. Tuliukandika mimi na Drusilla mwaka 1984, kisha tukaupiga plasta ya saruji. Phanice alizaliwa baada ya plasta.

Ijumaa, 6 Juni

Fundi Ouma alifika saa tisa badala ya saa tatu. Alicheleweshwa na kazi kule Mosocho, asema. Drili ikalia. Vumbi likatoka la kijivu, unene wa kidole — kisha jekundu. Ouma akazima mashine, akanitazama.

"Mwalimu, hapa ningepanda ndizi."

Sikucheka. Plagi za kushikia skrubu zilizama. Skrubu zikazunguka bila kushika. Akaleta ndefu zaidi. Mbili zikashika, labda zilipata fito. Jua likawa linazama. Sabato inaingia. Nikamwambia aache. Akaomba dakika kumi tu, eti Mungu anaona ni kazi ya mgonjwa. Nikakataa. Nikamwonya Drusilla asiguse kishikio kile.

Jumamosi, 7 Juni. Sabato

Nimerudi kutoka kanisani, kishikio kiko sakafuni na pande la plasta. Drusilla ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mzima. Alikijaribu kwa mkono mmoja, bila kuinuka.

"Nilikuambia tuukanyage udongo ule wiki nzima," akasema. "Ukataka siku mbili. Ulikuwa na haraka ya kuhamia."

Miaka arobaini na mmoja, na bado anakumbuka.

Jumapili, 8 Juni

Phanice alitia kidole tunduni, akakitoa chekundu. "Baba! Na mimi nimejisifia nyumba hii mbele ya wakwe zangu!"

Nikaokota pande la plasta sakafuni.

Ouma, aliyerudi leo, asema ukuta ubomolewe, ajenge wa matofali. Wiki tatu. Mama akakae Nyamira kwa muda. Phanice akakubali upesi — upesi mno. Nyonga ile haitapanda tena kilima chetu chenye utelezi. Akienda, ameenda. Nikasema nitamwogesha mwenyewe, ukuta ubaki.

"Na wewe ukianguka, Baba?"

Begi la Drusilla liko mlangoni. Phanice ndiye aliyelifunga. Drusilla mwenyewe hajasema kama anaenda.

Sasa namsikia bafuni, na mkongojo wake. Amemwita Ouma. Anataka ndoano ya taulo. Ouma anauliza aiweke wapi, hapa juu?

"Yaaya, sio hapo! Chini. Chini zaidi. Hapo — mtu aifikie akiwa ameketi kwenye kigoda."

Drili inalia. Taulo, ukuta wetu utalibeba.

Phanice ananiita uani mara ya pili. Anataka neno langu kabla ya mvua ya jioni. Sinalo bado. Tukishaamua nitaliandika hapa, hata kama ni mstari mmoja.