Bahari Haikujiunga na Kundi

Jakarta, 6 Februari 2022

Kwa dada yangu mpenzi Muryati,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, na Baba naye mzima, na kikohozi chake kimepoa. Mimi sijambo, ila joto la huku linatumaliza.

Nakuandikia kwa karatasi kama Baba anavyotaka, maana anasema ujumbe wa simu hauna mkono wa mtu. Msomee polepole, na pale ninapomtaja usiruke.

Habari yenyewe ni kwamba nimepata kazi, na si ya kuuza bima tena. Ni kundi la mtandaoni linaloitwa Hatua Ndogo. Mtu anaweka programu kwenye simu, kisha kila siku anaandika jambo alilofanya ili asiichafue dunia: amekwenda sokoni na kikapu badala ya mfuko wa plastiki, amezima taa, ameacha pikipiki akapanda basi. Wenzake wanampa moyo na kupeana mbinu. Ukifanya vizuri unapewa jani la kijani. Usicheke. Watu wazima na vyeo vyao wanagombania majani, Dada, ungewaona.

Kazi yangu ni kuwatunza wanachama: kuwakaribisha, kuwajibu, kuwapatanisha wakigombana. Bosi wangu, Bi Anggraeni, anasema watu wa mjini wametujaa, sasa tunahitaji watu wa pwani. Nikakufikiria wewe papo hapo. Tafadhali jiunge, hata kama ni kwa ajili yangu tu.

Msalimie Baba, mwambie sijasahau kula.

Mdogo wako akupendaye,
Retno


Demak, 1 Machi 2022

Mdogo wangu Retno,

Waaleikum salaam. Barua yako ilikaa dukani kwa Sutinah, maana mtu wa posta siku hizi haingii kijijini, anaishia barabara kuu. Sisi hatujambo. Kikohozi cha Baba kimepoa, ulimi wake bado.

Tumeinua sakafu tena, kifusi chini na saruji juu. Sasa Baba anaingia jikoni ameinama kama anaingia kwa mkwe, na dirisha la sebuleni limefika magotini. Maji ya bahari yakijaa bado yanaingia, lakini yanaishia vifundoni. Tunashukuru.

Nimejiunga na hilo kundi lako, Sutinah amenisaidia. Siku ya kwanza nilikosa la kuandika, nikaandika kwamba leo sikuwasha kiyoyozi. Sina kiyoyozi. Nikapewa jani. Kesho yake nikaandika kwamba sikupanda gari. Barabara iko chini ya maji, ningepanda gari gani? Jani. Halafu nikasema nimekula wali wa jana, watu wakanimiminia pongezi, mmoja akaniita shujaa. Retno, nyinyi huko mnakula nini?

Lakini nisikudhihaki bure. Yuko mama mmoja wa Solo, Bi Hartini, mshonaji, mjane kama mimi. Aliniuliza maganda ya ndizi nayatupa wapi, tukaanzia hapo. Sasa asubuhi bila sauti yake chai hainishuki. Tangu mume wangu afariki sijapata mtu wa kuniuliza nimelalaje.

Baba ameniona nacheka na simu, akauliza, "Mnafanya nini humo?" Nikamweleza kwamba watu wanaahidi kupunguza taka na moshi ili bahari isizidi kupanda.

Akatafakari, akasema, "Vizuri. Na bahari yenyewe imeshajiunga?"

Kula vizuri. Baba anasema hakuamini kwamba hujasahau.

Dada yako,
Muryati


Jakarta, 19 Juni 2022

Dada yangu kipenzi,

Assalaam aleikum. Hali zenu? Baba anaendeleaje? Mimi mzima, tena leo nina furaha ya kugawa.

Video zako, Dada! Ile ambayo unakaanga tempe, vile vipande vya soya, umesimama ndani ya maji, unaeleza jinsi ya kutumia mafuta kidogo huku kiatu cha mtu kinaelea nyuma yako. Bi Anggraeni aliirudia mara kadhaa. Na ile ya akina mama wa kijiji mnaokota plastiki zinazoletwa na bahari na kuzisuka mikeka. Watu wananiandikia kutwa: Mama wa Demak leo ametoa nini? Kuna mtu Bandung ameacha kununua maji ya chupa kwa ajili yako. Kuna shule Kudus imeanza kupanda mikoko.

Ofisini wameamua uwe uso wa kundi mwaka huu. Tumepata mfadhili mkubwa pia, ile kampuni ya vitambaa yenye kiwanda upande wenu. Watatoa zawadi kwa wanachama na kugharamia tamasha letu la Januari. Nataka uje usimame jukwaani. Nitakushonea blauzi mpya ya kebaya.

Baba mwambie bahari inafikiria kujiunga.

Mdogo wako,
Retno


Demak, 25 Septemba 2022

Retno mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima. Mimi nina afya ya mwili. Baba ana kidonda mguuni kilichokataa kupona kwa sababu hakipati siku moja kavu.

Nakuuliza jambo, na nataka unijibu wewe, si ofisi.

Mwezi uliopita alikuja mhandisi wa wilaya kupima. Alikunywa chai kwetu, akatuambia wazi kwamba bahari inapanda, ndiyo, lakini kijiji chetu pia kinazama, na kinazama haraka. Kiwanda cha vitambaa kinavuta maji ya chini kwa visima virefu, na ardhi inaporomoka kama godoro lililotolewa pamba. Sutinah akamuuliza, "Sasa sisi tufanye nini?" Akaangalia kikombe chake, akasema yeye kazi yake ni kupima.

Basi nikaenda nyuma ya ukuta wa kiwanda nikapiga video. Bomba linaonekana, na mashine zinasikika. Sikutukana mtu. Nilisema: "Ndugu zangu wa Hatua Ndogo, mimi nimefanya hatua zote mlizonifundisha. Sitiririshi maji, sichomi taka, situpi hata jani la kitunguu. Na bado sakafu yangu inashuka. Naomba mnisaidie kumwomba huyu mwenye bomba naye apige hatua moja."

Nilipokwenda kulala, watu walikuwa wameshaanza kuulizana waandike barua kwa nani. Bi Hartini alikuwa analia kwenye ujumbe wake wa sauti. Asubuhi video haikuwepo, wala maneno yao. Kwangu umekuja ujumbe usio na jina la mtu, unasema nimekiuka taratibu za kundi.

Nani ameifuta?

Dada yako,
Muryati


Jakarta, 8 Oktoba 2022

Dada yangu Muryati,

Assalaam aleikum. Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena.

Ni mimi niliyeifuta.

Bi Anggraeni aliniita, mezani kuna barua ya mfadhili. Akaniambia, "Huyu ni dada yako, basi ushughulikie mwenyewe, kwa upole." Kundi letu, Dada, ni la kile ambacho mtu binafsi anaweza kufanya. Tukianza kunyooshea watu vidole tutagombana, mfadhili ataondoka, na watu wote hawa wanaojifunza kuishi vizuri watatawanyika. Hivyo ndivyo nilivyoelezwa, na siku ile niliona ni kweli. Leo nikiandika kwa mkono wangu naona aibu hata kuyarudia.

Kazi hii ndiyo inayolipa chumba changu na dawa za Baba. Unajua.

Nakuomba umlete Baba huku Jakarta kabla mvua hazijaanza. Chumba ni kidogo, lakini kiko ghorofani, ni kikavu. Nawe baki naye. Tafadhali nijibu.

Mdogo wako,
Retno


Jakarta, 11 Desemba 2022

Dada,

Assalaam aleikum. Sijui kama barua zangu zinafika au zinakaa dukani kwa Sutinah. Nikikupigia, simu yako inakata. Kwenye kundi jina lako halipo tena, na Bi Hartini wa Solo naye ameondoka, na wengine nyuma yake. Nawapigia wote kuwauliza hali yako. Hawapokei.

Nilimwomba Bi Anggraeni tuirudishe video. Akacheka, si kwa ubaya, kama mtu anayemcheka mtoto.

Baba hajambo? Niandikie hata neno moja tu. Hata tusi.

Retno


Jakarta, 8 Januari 2023

Dada yangu,

Assalaam aleikum. Nimeona kwenye taarifa ya habari kwamba tuta la kuzuia bahari limevunjika. Wameonyesha msikiti, ndipo nikajua ni kwetu. Nimeomba ruhusa nije. Nimeambiwa nisubiri tamasha la wanachama lipite. Nikasubiri. Limepita jana. Walionyesha ile video yako ya tempe kwenye kitambaa kikubwa, ukumbi mzima ukapiga makofi.

Dada, mko wapi?

Retno


Mranggen, 14 Februari 2023

Retno,

Waaleikum salaam. Natumai u mzima. Barua zako zote zimefika. Sutinah alizifunga ndani ya mfuko wa plastiki zisilowe, akanifuata nazo hadi huku kwa binamu yake Baba.

Kaa chini kwanza. Baba amefariki.

Tuta lilivunjika mchana wa Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini. Hatukusikia kishindo, tuliona tu maji yanaingia na hayarudi. Tukapandisha vitanda juu ya meza. Panya nao walipanda, wakawa wanakaa juu ya kabati wanatutazama. Nilimwambia Baba tuondoke na mashua ya serikali, akasema ataondoka maji yakipungua. Kila siku alishuka majini na kile kidonda, mara anafunga mlango, mara anafuata sufuria. Nikimkataza ananiambia, "Sasa nikae juu ya meza kama sahani?"

Kisha homa ikamshika, na maumivu ya miguu hadi akawa halali. Macho yakawa ya manjano. Tulimtoa kwa mashua mpaka pale barabara kuu ilipokuwa kavu, tukapata lori. Hospitali walisema ni homa ya panya, inapitia kwenye vidonda, na figo zimeshasimama. Daktari alikuwa binti mdogo, mwenye adabu. Akaniuliza kwa nini tumechelewa.

Alifariki asubuhi, nikiwa nimeshika kikombe cha maji ambacho hakukinywa.

Makaburini kwetu hakuchimbiki. Walijaribu karibu na Mama, shimo likajaa maji kabla halijafika kiunoni, imamu akasema basi. Ndipo binamu akatoa kona ya shamba lake huku Mranggen. Kwa hiyo Baba yuko mlimani, Mama yuko chini ya bahari.

Bi Hartini alikuja. Alikuja na wanawake wa kundi, wa Solo, wa Kudus, yule wa Bandung alipanda basi peke yake. Sikuwa nimemwona hata mmoja kwa macho, lakini walipoingia mlangoni wakitoa salamu nilizitambua sauti zao zote. Walileta chakula kwenye makopo yao na majani ya migomba, wakapika, wakafagia, wakaosha vyombo, wakalala sakafuni pamoja nami. Hakuna aliyetoa simu. Kazi uliyoifanya kule ofisini, ya kuwakutanisha watu, uliifanya vizuri, Retno. Nataka ujue hilo.

Bi Hartini alikuwa ameihifadhi ile video kabla hujaifuta. Wameisambaza kila mahali. Imetazamwa na watu wengi kuliko kijiji chetu kilivyowahi kuwa na watu tangu kianze. Kisha mkuu wa kijiji amekuja na wanaume wawili wa kiwanda, wamekunywa chai ya msiba, wamenieleza kwa sauti ya upole kwamba kuchafua jina la kampuni ni kosa la jela. Bi Hartini akawauliza, "Na kuzamisha kijiji?" Wakaweka vikombe chini wakaondoka. Bomba linavuta mpaka leo. Sutinah anasema linasikika vizuri zaidi sasa, kwa kuwa kijiji hakina watu.

Utauliza kwa nini sikukuita.

Ningeweza kukwambia kwamba mtandao ulikatika. Haukukatika. Bi Hartini nilimwita nikiwa ndani ya lori. Wewe nilikuacha. Baba aliuliza, "Retno amefika?" Nikamwambia yuko njiani. Jioni akauliza tena, nikamwambia hivyo hivyo, nikaongeza kwamba umechelewa kwa sababu ya foleni. Akatabasamu, akasema Jakarta na foleni zake. Alikufa akijua uko njiani. Nilikunyima baba yako, na yeye nikamnyima mwanawe, kwa sababu nilikuwa na hasira. Siku zile niliona ni haki. Sasa sijui.

Nyumba tumeiacha milango na madirisha wazi ili maji yapite yasiivunje.

Hapa ninaishi chumba cha nyuma. Siku za kwanza sikupata usingizi kwa sababu hakuna sauti ya maji, nilikuwa naamka na kupapasa sakafu kwa mkono. Binamu ananidhania nimechanganyikiwa.

Usitume kitu. Usiandike habari za Baba popote. Ukishuka stendi ya Mranggen uliza kwa huyo binamu, Wiryo muuza matofali, kila mtu anamjua. Nitakupeleka kaburini mwenyewe. Ukifika nitakuwa bado nimekasirika, na huenda nisikusemeshe siku nzima.

Njoo hivyo hivyo.

Dada yako,
Muryati