Kompyuta Iliyopendelea Meza ya Kwanza

Kakamega,
Julai 1994

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaikum, na shikamoo. Kabla hujauliza lolote, nakwambia: sijafukuzwa kazi. Najua dada Mwanakombo amekwisha kukuletea habari zangu, maana nilimpigia simu kutoka posta huku nalia, na yeye hawezi kukaa na neno hata mpaka adhuhuri. Basi tulia, Mama. Yamekwisha, tena yamekwisha vizuri. Presha yako inaendaje? Miguu bado inavimba? Niambie kweli, usinifiche kwa kuwa niko mbali.

Mimi mzima. Mvua inanyesha kila alasiri, nguo hazikauki, na obusuma, ugali wa huku, nimeuzoea hivi kwamba nikila wali peke yake naona bado nina njaa. Utanicheka nikija Malindi.

Sasa nikusimulie lilivyokuwa, maana kwenye simu nililia zaidi kuliko kusema.

Unakumbuka zile kompyuta ambazo parokia iliiletea shule yetu kutoka ng'ambo? Ni za zamani. Huko kwao watu walikuwa nazo majumbani, watoto wakizichezea, kisha wakazitia stoo. Kompyuta yenyewe ni kibao cha herufi tu. Unakiunganisha na televisheni, na programu unaipakia kwa kaseti, kaseti zilezile za taarab. Kwa vile mimi ndiye mwalimu wa hesabu, nilikabidhiwa mimi.

Kila mwaka shule za huku hushindana kwa maswali ya sayansi, na washindi hupewa kombe na kwenda Nairobi. Timu ni nne, meza nne. Zamani watoto walinyoosha mikono, na kila mara kukawa na ugomvi ni nani aliyetangulia. Mwaka jana nikatengeneza vitufe, kimoja kila meza, nikaviunganisha na kompyuta. Anayebonyeza kwanza, meza yake inatokea kwenye televisheni. Watu walipiga makofi siku ile!

Mwaka huu mashindano yakawa shuleni kwetu. Wenyeji ndio hukaa meza ya kwanza, kwa hiyo wasichana wangu wakakaa hapo, wakashinda. Lakini kila vidole vilipoonekana kugonga pamoja, televisheni iliandika meza ya kwanza. Mara ya kwanza watu walinyamaza. Baadaye wakaanza kuguna. Mwishowe Bwana Shivachi, mwalimu wa shule ya wavulana waliokaa meza ya tatu, akasimama mbele ya wazazi.

"Huyu madam ametengeneza hii mashine kwa faida yake! Vijana wangu wanabonyezanga, na yeye anapatianga wasichana wake. Tunaona na macho!"

Mama, nilitamani ardhi inimeze. Mgeni kutoka pwani, peke yangu, na ukumbi mzima unaniangalia. Mwenyekiti wa kamati akalizuia kombe. Kesho yake mwalimu mkuu akaniita ofisini.

"Madam Zuhura," akasema, "mimi nakuamini. Lakini kamati wanasema kama hutaweza kueleza haya maneno mpaka Jumamosi, jina lako litapelekwa kwa wakubwa wa elimu. Hapo mimi sina nguvu."

Akaniruhusu kuingia chumba cha kompyuta, ila nikae na Mama Imbuga, mwalimu wa dini, nisije nikafuta kitu. Hilo liliniuma. Lakini lililoniuma zaidi ni Nekesa, kiongozi wa timu yangu. Alitumwa sokoni, akarudi macho mekundu, kumbe ameitwa mwizi.

Basi nikakaa na ile programu. Nilikuwa nimeandika amri zinazoanza na neno IF, ambalo kwa Kiingereza ni "kama". Kama meza ya kwanza imebonyeza, andika ya kwanza, usiulize zaidi. Kama ya pili imebonyeza, andika ya pili. Vivyo hivyo hadi ya nne, halafu ichore upya saa inayohesabu sekunde pembeni ya kioo, kisha irudi juu ianze tena kuuliza. Mimi nilichukulia kwamba kompyuta ni ya umeme, hayo yote inayafanya kufumba na kufumbua. Sikuwahi kupima.

Nikaazima saa ya mwalimu wa michezo, ile ya kupimia wakimbiaji. Nikaiambia kompyuta izunguke mara elfu bila kufanya kitu, nikaandika muda. Kisha izunguke vilevile, lakini kila mara iulize "kama" moja. Tofauti ya hizo mbili ndiyo muda wa kuuliza. Nikajaribu "kama" ambayo jibu lake ni ndiyo, na ambayo jibu lake ni hapana, kumbe hata hizo hazilingani. Mama Imbuga alikuwa anafuma sweta, akachoka kunyamaza.

"Sasa unapimanga nini, na hiyo mashine haiendi mahali?"

"Napima inachukua muda gani kuuliza 'kama', Mama."

"Kwani kuuliza kunachukuanga muda?"

"Ndicho ninachotafuta."

Akaweka sweta chini, akasogeza kiti, akawa yeye ndiye anayeshika saa. Na ana mkono mwepesi kuliko wangu!

"Kama" moja peke yake haina neno. Lakini zote nne pamoja na kuchora ile saa, mzunguko mmoja ulikuwa unakaribia theluthi ya sekunde. Utaona ni kidogo. Lakini muda huo watoto wawili wanaweza kubonyeza, mmoja nyuma ya mwenzake, kompyuta ikiwa bado inachora. Ikirudi juu, inaanza kumuuliza nani? Meza ya kwanza. Hata kama aliyetangulia ni wa meza ya nne, haitajua.

Nilimkumbatia Mama Imbuga mpaka nyuzi zikatusonga. Nilifurahi kwamba si wizi. Halafu nikakaa, nikaona kwamba lile kombe huenda si letu.

Jumamosi kamati ikaja, na Bwana Shivachi akaja. Sikuhutubu. Nilivikusanya vitufe vyote vinne mahali pamoja, nikampa Bwana Shivachi rula ndefu ya ubaoni, nikamwomba avibonyeze vyote kwa mkupuo.

"Meza ya kwanza," akasoma. Akabonyeza tena. "Ya kwanza." Tena. "Ya kwanza. Si ndivyo nilisema?"

"Sasa naipandisha juu meza yako," nikamwambia, na nikabadilisha mpangilio wa zile amri mbele ya macho yao. "Bonyeza."

"Ya tatu." Akabonyeza tena na tena. Ya tatu, ya tatu. Hapo nikawaeleza vipimo, Mama Imbuga akiniunga mkono kana kwamba ametengeneza kompyuta tangu utotoni.

Bwana Shivachi akairudisha ile rula ubaoni. Kisha akasema polepole, "Mwaka jana mashindano ilikuwa kwetu. Vijana wangu ndio walikaa meza ya kwanza. Na tulishinda."

Akanigeukia. "Madam, nilikutukana mbele ya watu. Nitasema mbele ya watu hao hao."

Kamati ikaamua mashindano yarudiwe. Nikaiandika programu upya. Sasa inavisoma vitufe vyote vinne kwa mara moja kabla ya kuuliza "kama" yoyote, na ile saa nimeiondoa. Wawili wakilingana, swali linafutwa. Siku ya marudio Bwana Shivachi alisimama kabla ya swali la kwanza, akaniomba radhi kwa sauti, akamwomba na Nekesa kwa jina. Shule moja ndogo kutoka Likuyani ikashinda, sisi tukawa wa pili. Nekesa alilia kidogo, akanawa uso, akaniuliza, "Madam, mwaka kesho tutafanya mazoezi ya vidole?"

Jana mlango ukabishwa. Ni Bwana Shivachi, na kuku mkubwa mwekundu kwapani. Huku ingokho, yaani kuku, ni heshima kubwa, hapewi kila mtu.

"Mke wangu alitaka kumpika kabisa," akasema. "Nikamwambia hapana, huyu madam ni Mwislamu. Nimemleta akiwa hai, mchinje kwa dini yenu."

Nikampokea kuku kwa mikono miwili, nikamkaribisha Bwana Shivachi chai.

Nisalimie Baba, mwambie aache kunikasirikia kwa kutoandika. Nisalimie shangazi anayekusaidia kuuza vitumbua, mdogo wangu wa mwisho na madrasa yake, na bibi, ambaye naomba umsomee barua hii pole pole. Dada Mwanakombo mwambie namshukuru kwa kunisikiliza nikilia, ila kwa simu za furaha sitampigia, nitakupigia wewe.

Mwanao akupendaye, aliyelala usingizi mnono jana,
Zuhura