Kengele ya Kikanisa cha Hospitali

Msalala, 6 Mei 2024

Baba mpendwa,
Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Sisi huku tu wazima.

Kile kikanisa cha zamani cha hospitali, ulikokuwa katekista miaka thelathini, Baba Askofu amekwisha kukiondolea wakfu, na parokia imetukabidhi sisi wa kikundi cha ngoma kiwe ukumbi wa sanaa wa kijiji. Mabenchi na dirisha la vioo vya rangi tumeviacha kama vilivyokuwa. Nakuomba uje ukifungue. Wazee wamesema hawaingii bila wewe.

Binti yako,
Noela

Ushirombo, 20 Mei 2024

Mwanangu Noela,
Milele na milele, amina. Marahaba. Miguu ni ya uzee. Mungu asifiwe kwa kila siku anayotuongezea.

Mwanangu, mahali pale nilivuta kamba ya kengele mara tatu kwa kila mgonjwa aliyefariki, ili majirani walete kuni na maji ya msiba. Niliivuta hata kwa mama yako. Siwezi kuja kutazama watu wakicheza juu ya sakafu ile. Unisamehe.

Baba yako,
Agapiti

Msalala, 17 Juni 2024

Baba,
Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama.

Jana tumepatikana. Ndaki, mpiga ngoma wetu, ni mgeni kutoka Geita. Alivuta kamba mara tatu kuwaita wachezaji. Haikupita nusu saa, ua ukajaa wanawake wenye kuni vichwani.

"Nani ametutoka?" akauliza Mama Euphrasia.
"Hakuna, mama. Ni mazoezi ya ngoma."
Akautua mzigo kwa kishindo. "Mazoezi! Shingo yangu ikatike kwa mazoezi?"

Wote wakacheka, isipokuwa Mbuke, yule aliyefiwa na mtoto wodini. Aliingia ndani, akaketi benchi la pili, palepale alipoketi siku ile. Ndaki akaanza kupiga polepole sana. Mbuke akaimba wimbo wa kwao, na wenzake wakamwitikia toka uani. Kuni tukazipikia uji.

Akiondoka aliniambia, "Hapa nililia, Noela. Sikupata kuimba."

Kamba tumeifunga juu. Hatuigusi mpaka useme wewe.

Binti yako,
Noela

Ushirombo, 29 Juni 2024
Sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo

Mwanangu,
Amani ya Bwana ikae nawe. Macho yangu yamefifia, hivyo mkwe wangu Asteria amenisomea barua yako mara tatu.

Mbuke namkumbuka. Siku ile alianza kuuimba wimbo huo, na mimi ndiye niliyemnyamazisha. Nilimwambia kikanisani huimbwa nyimbo za kitabu tu. Alitii, akainama. Nilidhani nailinda nyumba ya Mungu. Wewe umemfungulia mlango nilioufunga mimi, nami namshukuru Mungu kwa mikono yako na ya wenzako.

Nitakuja Jumamosi ijayo kwa basi la asubuhi. Mwombe Mbuke, akiridhika, anipe nafasi kando yake katika benchi la pili. Kengele nitaivuta mwenyewe, kwa mwendo wa shangwe ya Pasaka, bila kuhesabu. Mama Euphrasia akija na kuni hata hivyo, mtueni mzigo kwa heshima. Nitakunywa uji.

Baba yako,
Agapiti